Nani alisema, alimwambia nani, alitaka nini? Misemo ya Kiingereza iliyozaliwa jukwaani

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wenzangu na wazazi waliowasindikiza watoto wao. Mvua iliwazuia wengi kufika na wameniomba niwawekee yote, basi hii hapa, nimeiandika kama nilivyoisema, zile picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyie wanangu mliojibana mpaka kule madirishani, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo?

Nianze na swali. Nani hapa ana kile kidaftari? Mnakijua, kile cha misemo ya Kiingereza, kushoto msemo, kulia maana yake, misemo hamsini na kesho ni jaribio. Naona mikono, asanteni. Mimi nimekariri hivyohivyo, na nimewafundisha watoto wa watu hivyohivyo kwa miaka mingi, na leo nasema mbele yenu kwamba tulikuwa tunawapa maganda, chungwa lenyewe limebaki sokoni. Kwa sababu msemo haujazaliwa kwenye daftari. Mingi kati ya hiyo mnayoikariri ilizaliwa mdomoni mwa mtu aliyesimama jukwaani, mbele ya watu, mtu mwenye hasira, mtu anayedaiwa, mtu anayeogopa, na alikuwa anamwambia mtu mwingine kwa sababu kuna kitu alikuwa anakitaka.

Kwa hiyo leo nawapa maswali matatu tu. Nani alisema? Alimwambia nani? Alikuwa anataka nini? Tutarudi hapohapo mpaka mchoke.

Twende London, mwaka 1599. Kusini mwa mto Thames kumejengwa jumba la mbao, katikati liko wazi juu, linaitwa Globe. Ukiwa na peni moja unaingia na kusimama uwanjani, jua lako, mvua yako, waigizaji wako pale juu mbele yako. Hawa watu wa peni moja nataka muwakumbuke sana, maana hawakushika kitabu mkononi, wengine kusoma hawajui kabisa, neno linapita hewani mara moja tu, likinasa limenasa, lisiponasa limeenda zake. Wao ndo walikuwa mtihani wa kwanza wa kila sentensi aliyoandika Shakespeare. Mwaka huohuo, tarehe 21 Septemba, mgeni mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto na wenzake wakaenda kuangalia mchezo wa Julius Caesar, na aliliandika jambo hilo, ndo maana leo tunajua.

Ndani ya mchezo huo kuna msemo mnaoutumia, "it's Greek to me". Kidaftari kinasema maana yake ni sijaelewa kitu, sisi tungesema hicho kwangu Kichina. Sawa. Lakini nani alisema?

Alisema Casca. Kuna sherehe mjini Roma, Antony amemtolea Caesar, mkuu wa Roma, taji mara tatu mbele ya umati, watu wamepiga kelele, Brutus na Cassius hawakuwepo pale karibu kwa hiyo wanamvuta Casca pembeni awasimulie. Anasimulia vizuri tu, tena kwa maneno mengi. Halafu Cassius anamuuliza habari za Cicero, mwanasiasa mkubwa wa mji, je, alisema chochote? Ndiyo, aliongea Kigiriki. Alisema nini? Hapo Casca anarudi nyuma, anasema waliomwelewa walitazamana wakatabasamu na kutikisa vichwa, ila kwa upande wangu mimi, kilikuwa Kigiriki kwangu.

Sasa sikilizeni. Shakespeare kisa hiki alikichota kwa Plutarch, mwandishi wa zamani, na kwa Plutarch siku ile Caesar anapochomwa kisu cha kwanza ni huyuhuyu Casca anayemchoma, na Casca anapozidiwa anamwita ndugu yake amsaidie, na anamwita kwa lugha gani? Kwa Kigiriki! Yaani Casca wa Plutarch Kigiriki anakijua. Mimi nikisoma pale jukwaani namwona mtu anayejilinda, mji una wasiwasi, hujui nani yuko upande wa nani, na unaulizwa mkubwa fulani kasema nini. Nyie mnawajua watu hao. Umekaa kibarazani, anakuja mtu anakuuliza, hivi jana fulani alisema nini kuhusu mwenyekiti? Unajibu, mi nilikuwa mbali bana, sikusikia vizuri. Hukusikia kweli? Kidaftari kinasema sijaelewa, mimi nasema mule ndani kuna na usiniulize.

Na mchezo huo ndo Mwalimu Nyerere aliouchukua akautia Kiswahili, kikatoka kitabu mwaka 1963 naye yuko Ikulu, halafu akaurudia tena kuurekebisha, ukatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais wa nchi changa anatafsiri mchezo wa watu wanaomuua mkuu wao. Nani kati yenu amewahi kukishika kitabu hicho? Mikono mitatu. Mwaka huu tutaiongeza.

Haya, mahafali. Kila mahafali ya shule za siku hizi mgeni rasmi lazima aseme "the world is your oyster", dunia ni chaza wako, na kwenye kadi wanaiandika kwa wino wa dhahabu, watu wanapiga makofi. Nani alisema? Pistol, kwenye The Merry Wives of Windsor, mfuasi mmoja mkorofi asiye na hela. Alimwambia nani? Bosi wake, Falstaff, aliyetoka kumwambia sitakukopesha hata peni. Ndo Pistol akajibu, basi kama ni hivyo dunia ni chaza wangu, nitamfungua kwa upanga. Kwa upanga, wanangu! Ule upanga kwenye kadi za mahafali hawauandiki. Wenzangu wa pwani mnajua chaza hafunguki kwa kubembelezwa, anabana, lazima uingize kisu kwenye ule mshono na usipoangalia unajikata mkono. Kwa hiyo alichokisema Pistol ni tishio la mtu aliyenyimwa mkopo, nisipopewa nitachukua. Watu wameukata mkia wa sentensi, tishio likageuka baraka. Sisemi msiitumie, itumieni, lakini mjue kisu kiko wapi.

Hivyohivyo na "brevity is the soul of wit", mnaoambiwa ukiandika insha fupisha. Aliyesema ni Polonius kwenye Hamlet, mzee ambaye habari ya sentensi moja anaizungusha robo saa mbele ya mfalme na malkia, mpaka malkia anamwambia zungumza jambo lenyewe, punguza mapambo. Msemo wa kufupisha umetoka kwa mtu asiyejua kufupisha. Ukilijua hilo huusomi tena vilevile.

Sasa nakuja kwenye unaoniuma. "All that glitters is not gold." Huu hata Kiswahili tunao, si kila king'aacho ni dhahabu, bibi zetu wanausema. Na nisiwadanganye, Shakespeare hakuutunga yeye, ulikuwepo kwa Kilatini na kwa waandishi wa Kiingereza waliomtangulia, yeye aliupa mahali pa kukaa. Alipouweka ndo nataka mpaone.

Kule Venice na Belmont, kwenye The Merchant of Venice, kuna binti tajiri anaitwa Portia, na anayetaka kumuoa lazima achague kasha moja kati ya matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, picha yake iko kwenye moja. Wa kwanza tunayemwona akichagua ni mwana wa mfalme wa Morocco, Mwafrika mwenzetu. Na maneno yake ya kwanza kabisa anapoingia, mnajua ni yapi? Anamwambia Portia usinichukie kwa rangi yangu. Kabla hata ya salamu za maana, anaanza kujitetea ngozi. Anachagua dhahabu, anafungua, ndani kuna fuvu la kichwa, na kwenye tundu la jicho kuna karatasi imekunjwa. Karatasi hiyo ndo inaanza kwa msemo wetu. Yaani nani alisema? Fuvu. Lilimwambia nani? Mwafrika aliyesafiri mbali kuja kuposa. Na anapoondoka, Portia anasema afadhali, wote wa rangi yake na wachague hivyohivyo. Nilifundisha msemo huu miaka mingi kabla sijausoma mstari huo wa Portia, na siku nilipousoma nilifunga kitabu kwanza. Hata neno lenyewe limebadilika, karatasini ni "glisters", midomo ya watu ndo imelifanya "glitters", na midomo imeshinda.

Mchezo huohuo ndo ulioleta "pound of flesh", ratili ya nyama, mtu anayedai deni lake bila huruma. Aliyedai ni Shylock, Myahudi mkopeshaji, aliyetoa mkopo wa ducat 3,000, sarafu za zamani, kwa mkataba kwamba usipolipwa, mfanyabiashara Antonio aliyeudhamini atakatwa ratili ya nyama ya mwili wake. Lakini kabla ya mkataba anamkumbusha Antonio, wewe uliniita mbwa, ulinitemea mate, leo unataka hela zangu? Kidaftari hakina mate yale. Mwalimu Nyerere huu nao aliutafsiri, ukatoka 1969, na mfanyabiashara mmoja wa kwenye jina la Kiingereza akawa wengi, Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mtafsiri naye alikuwa na anachotaka kusema.

Niwape sasa kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1709, London, jumba la Drury Lane. Kuna mwandishi anaitwa John Dennis, ameandika mchezo unaitwa Appius and Virginia, na kwa ajili ya mchezo huo amebuni namna mpya ya kutoa sauti ya ngurumo jukwaani. Mchezo ukachezwa siku chache, watu hawakuupenda, ukaondolewa. Ngurumo yake ilikuwa nzuri ila mchezo haukuwa mzuri, mambo ndo hayo. Inasimuliwa kwamba muda si mrefu Dennis akaenda palepale kuangalia Macbeth, amekaa zake kimya, mara ngurumo ikapiga. Akaisikiliza. Yake! Akasimama katikati ya watu akapiga kelele kwamba mchezo wangu hawautaki, lakini ngurumo yangu wananiibia. Hapo ndo tukapata "to steal someone's thunder", kumnyang'anya mtu sifa ya kazi yake.

Niwaambie kwa nini nakipenda. Kwenye shule moja niliyofundisha zamani, niliwafundisha watoto mchezo kwa miezi mitatu, baada ya vipindi, wengine nikiwapa nauli ya kurudi nyumbani. Siku ya mgeni rasmi watoto wakacheza vizuri mpaka watu wakalia, kisha mwenzangu mmoja, simtaji, akachukua kipaza sauti akasema anashukuru kwamba kazi yake imezaa matunda. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikiwa sina sauti. Nilirudi nyumbani na donge hapa. Sikuwa na jina la kile kitu, si kwa Kiswahili wala Kiingereza, wizi ni neno kubwa na wivu si wenyewe, maana hakuchukua kitu chochote cha kushika. Miaka baadaye nikasoma kisa cha Dennis, nikasema ndo hiki, ngurumo yangu. Mtu wa mwaka 1709 alisimama akapiga kelele ile ambayo mimi nilishindwa kuipiga. Mnaona? Kile ambacho kidaftari kingenipa kwa mstari mmoja, kilinifikia kama mkono wa mtu begani.

Na jambo lingine. Leo nani anaucheza Appius and Virginia? Kelele yake ya hasira ndo imeishi, mchezo wake hapana. Wale mliosoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, mtakumbuka Kinjeketile anavyohangaika na hilo, neno umelizaa wewe, limekua, limekuzidi wewe uliyelizaa, na huwezi kulirudisha.

Likamzidi na Israel Zangwill. Huyu anatuhusu, jisogezeni. Mnasikia miji kama Dar es Salaam au Nairobi inaitwa "melting pot", chungu cha kuyeyushia, watu wa kila namna wanatiwa humo wanakuwa kitu kimoja. Usemi huo aliyeusambaza ni Zangwill, Myahudi wa Uingereza, kwa mchezo wake The Melting Pot uliofunguliwa Washington tarehe 5 Oktoba 1908, Rais Theodore Roosevelt mwenyewe amekaa ndani. Sasa miaka michache kabla, 1903, serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi ardhi wajenge makao yao, na ardhi yenyewe ilikuwa wapi? Nyanda za Uasin Gishu, kule Eldoret, Kenya ya leo. Wenyeji wa kule sidhani kama kuna aliyewauliza. Mkutano wa Wazayoni, wale Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, ukaikataa ardhi hiyo mwaka 1905, Zangwill akakasirika akajitoa, akaanzisha chama chake cha kutafuta ardhi popote pale duniani. Miaka mitatu baadaye, huyu aliyekuwa anawatafutia watu wake mahali pa kukaa peke yao, akaandika mchezo wa kuwayeyusha wote pamoja.

Na mule ndani nani anasema? Kijana mpiga fidla, David, Myahudi aliyekimbia kutoka Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, ambako ndugu zake waliuawa kwenye yale mauaji ya 1903. Yuko New York, anampenda msichana Mrusi, kisha anagundua baba wa msichana ndo ofisa aliyesimamia kumwagwa kwa damu ya kwao. Kwa hiyo anapoisifu Marekani kuwa chungu cha Mungu cha kuyeyushia mataifa yote ya Ulaya, alikuwa anataka nini? Alikuwa anataka ile damu iyeyuke, apate kulala. Mkisema "melting pot" kwenye insha ya jiografia, kumbukeni kuna kijana anayeota mauaji.

Hili la roboti nalipitisha haraka, ingawa lingetosha siku nzima. Neno hilo lilitoka jukwaani Prague, kwenye mchezo R.U.R. wa Karel Čapek, ulioonyeshwa mara ya kwanza Januari 1921. Karel alikuwa hajui awaite nini wale wafanyakazi wa kutengenezwa, akamwendea kaka yake Josef, mchoraji, aliyekuwa anapaka rangi na brashi mdomoni, naye akamjibu huku anaendelea na kazi yake, waite roboti. Kwa Kicheki robota ni kazi ya kulazimishwa ambayo wakulima walimfanyia bwana mwenye ardhi. Shokoa! Wazee wetu wa pwani wana neno hilohilo. Kwa hiyo kila ukisema roboti unasema mtu wa shokoa. Na Josef, aliyewapa watu wa dunia nzima neno hilo, alikufa kwenye kambi ya Wanazi, Bergen-Belsen, mwaka 1945.

La mwisho ni lenu vijana. Kila siku nawasikia, "ananigaslight", "usinigaslight". Kamusi ya Marekani, Merriam-Webster, ililifanya neno hilo kuwa neno la mwaka 2022. Nani anajua taa yenyewe ni ipi? Hamna mkono hata mmoja, sawa, ndo maana nimekuja.

Mwaka 1938 Patrick Hamilton alitoa mchezo Uingereza, Gas Light, taa ya gesi, baadaye watu wa sinema wakaupeleka mbali zaidi. Kisa ni cha miaka ya 1880. Kuna mke, Bella, na mume, Manningham. Vitu vinapotea ndani, picha inaondoka ukutani, mume anasema umeichukua wewe, hukumbuki, unaanza kuwa kama mama yako aliyekufa akiwa kichaa. Kila jioni mume anaaga anatoka. Na kila akitoka, taa ya chumbani kwa Bella inafifia, na juu, kwenye ghorofa iliyofungwa, kuna nyayo. Halafu taa inarudi, na muda kidogo mume naye anarudi.

Mnaelewa kinachotokea? Nyumba za wakati ule gesi ilikuja kwa bomba moja. Ni kama sisi jirani akiwasha mashine ya kuchomelea vyuma, taa yako inasinzia. Mume hatoki kwenda popote, anazunguka nyuma, anapanda juu kutafuta vito vya mwanamke aliyemuua mwenyewe humo ndani miaka iliyopita, na ili aone lazima awashe taa kule juu, na akiwasha ya juu ya chini inafifia. Kwa hiyo Bella alikuwa anaona kweli! Macho yake yalikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Taa ilikuwa shahidi wake pekee, na Bella hakuthubutu kumwamini shahidi huyo mpaka alipokuja mpelelezi mzee akamwambia hapana mama, hata mimi naiona inafifia.

Kwa hiyo wanangu, mtu akikataa tu maoni yako hajakugaslight, mmetofautiana. Yule mume alikuwa na kitu ghorofani. Neno hili ni la mtu anayejua kabisa unaona ukweli, na anakwambia macho yako yameharibika kwa sababu kuna anachokitafuta kule juu. Msilitumie ovyo, siku mkilihitaji kwelikweli mtalikuta limechakaa. Wapo watu wanaolihitaji leo, tena wengine wako humu, ndani ya nyumba zetu.

Mwishoni mume anakamatwa, anafungwa kamba kwenye kiti, na Bella anaomba aachwe naye peke yake kidogo. Mume anamnong'oneza achukue wembe, amkatie kamba. Bella anakwenda. Anashika wembe. Halafu anaanza kumuuliza, wembe gani? Huu ni wembe kweli? Mimi si kichaa, mume wangu? Ningekuwa na akili zangu ningekusaidia, lakini mimi kichaa, kichaa anawezaje kumsaidia mtu?

Nani alisema? Bella. Alimwambia nani? Aliyemfundisha neno hilo. Na alitaka nini, hilo nawaachia nyie, nani anaanza? Naam, wewe mwenye sweta ya bluu, simama mama, sema kwa sauti wa nyuma wakusikie.